Rutuba ya Gunda: Historia ya Udongo Kando ya Ghuba ya Winam

Katika vijiji vya Seme, Asembo na Alego, magharibi mwa Kenya, ukiuliza kwa nini kipande kimoja cha shamba kina mahindi ya kijani kilichokolea ilhali ya pembeni yamepauka, jibu la wazee mara nyingi huwa fupi: pale palikuwa na boma. Waluo hupaita gunda. Ni mahali ambapo familia iliishi, ikazaa na kuzika, kisha wenyewe wakaisha au wakahama, nyumba zikaanguka na ardhi ikarudi kwenye jembe. Anayelima gunda hukutana na vigae vya vyungu, majivu, mawe ya kusagia na vipande vya mifupa. Pembeni huenda ukasalia mstari wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu mweupe iliyopandwa kuwa ua wa boma.

Rutuba ile haikuwa bahati ya ardhi. Ilitengenezwa na mpangilio wa dala, yaani boma lenyewe. Ndani ya ua palikuwa na kul, zizi la ng'ombe. Asubuhi mifugo walitoka kwenda malisho ya pamoja, wakatawanyika mbondeni na vilimani, wakala siku nzima. Jioni walirudi, na usiku kucha wakaangusha mahali padogo kile walichokikusanya mahali pakubwa. Juu ya samadi hiyo yakaja majivu ya meko, makapi ya mtama na wimbi, nyasi za paa kuukuu, maganda ya kunde. Wana wakubwa walipooa na kupata watoto walitoka mmoja mmoja kwenda kujenga madala yao, na kila dala jipya likafungua zizi jipya. Kwa namna hiyo rutuba ya nchi ilitembea kwa miguu ya ng'ombe, ikawa inalundikana hapa kwa kizazi hiki na pale kwa kizazi kijacho.

Desturi hii ina mizizi mirefu. Siaya imejaa mabaki ya maboma ya kale yaliyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, ambayo David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliyajadili katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotoka mwaka 1989. Kusini mwa ghuba, katika Kaunti ya Migori, Thimlich Ohinga ilijengwa kwa mawe badala ya udongo, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Watalii huenda kutazama kuta zake. Ingefaa pia watazame ardhi iliyo ndani ya kuta, maana kila boma la ng'ombe, liwe la mawe, la udongo au la minyaa, lilikuwa kiwanda cha mboji.

Waliolishwa na zizi ni viumbe wasioonekana kwa macho. Bakteria na kuvu hula samadi na mabaki ya mimea, huvunja vunja protini na nyuzi zake, na wanapokufa au kuliwa na wadudu wengine, nitrojeni na fosforasi zilizokuwa miilini mwao huachiliwa kwa mizizi. Gundi wanayotoa hushikanisha chembe za udongo kuwa mabonge madogo yanayopitisha maji na hewa. Udongo wenye uhai wa namna hiyo hunukia vizuri mvua ikinyesha, haufanyi ukoko juu, na ukiufinya mkononi humeguka badala ya kubana kama tofali.

Maabara ina njia yake ya kuwahesabu. Mtaalamu huchukua udongo mbichi akaugawa mafungu mawili. Fungu moja huwekwa ndani ya chombo cha kioo kisichopitisha hewa, pembeni ya kikombe cha klorofomu, likaachwa saa 24. Mvuke wa klorofomu huua vijidudu na kupasua seli zao. Kisha mafungu yote mawili huoshwa kwa maji yenye potasiamu salfeti, na kaboni iliyotoka hupimwa. Fungu lililofukizwa hutoa zaidi, na ile ziada ndiyo inayoonyesha uzito wa viumbe waliokuwa hai. Msingi wa kipimo hiki uliwekwa mwaka 1976 na David Jenkinson na David Powlson wa kituo cha Rothamsted, Uingereza. Vijidudu hawa kwa kawaida hubeba asilimia 1 hadi 5 tu ya kaboni yote ya mboji. Hata hivyo wao ndio hutangulia kubadilika. Shamba likianza kunyimwa chakula, idadi yao hushuka miaka kadhaa kabla mboji yenyewe haijaonyesha upungufu unaopimika, na shamba likianza kulishwa upya, wao ndio wa kwanza kupanda.

Mfumo wa zizi na gunda ulihitaji vitu viwili, ng'ombe wengi na nafasi ya kuhama. Vyote viwili vilianza kuponyoka mwishoni mwa karne ya 19. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikaangamiza mifugo. Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria, mahali Waingereza walipopaita Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Mwaka 1902 eneo hilo lilihamishwa kutoka himaya ya Uganda na kuwekwa chini ya himaya ya Afrika Mashariki. Ikafuata kodi ya nyumba, na kodi ilidai fedha. Simsim ilianza kupakiwa kwenye mabehewa, baadaye pamba na mahindi, na wanaume wakaondoka kwenda kufanya kazi za mashamba ya walowezi, bandari na reli. Mwanahistoria Margaret Jean Hay, aliyechunguza maisha ya Kowe, Seme, kati ya 1890 na 1945, alionyesha jinsi kazi ya shamba ilivyowaangukia wanawake, na jinsi wanawake hao walivyojaribu mazao na zana mpya ili watu waishi.

Katika hesabu ya udongo, gunia la simsim linalopanda treni si sawa na gunia linaloliwa nyumbani. La nyumbani hurudi shambani kwa njia ya majivu, makapi na kinyesi. Lililopanda treni haliwezi kurudi. Serikali ya kikoloni iliyatazama matokeo kama mmomonyoko. Mwaka 1938 Idara ya Kilimo iliunda kitengo cha hifadhi ya udongo chini ya Colin Maher, na watu wakalazimishwa kuchimba makinga maji. Makinga maji ni kazi njema, lakini huzuia udongo usiondoke tu. Hayaulishi. Na kazi ya shuruti iliacha uchungu uliofanya neno la bwana shamba litiliwe shaka kwa miaka mingi baadaye. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliongeza hati miliki na mipaka ya kudumu. Tangu hapo, kwa familia nyingi, dala likajengwa pale pale palipo na ekari chache za urithi, na gunda jipya likawa jambo la nadra.

Wakati huo huo, mbali na ziwa, mkemia mmoja alikuwa akiusikiliza udongo ukipumua. H. F. Birch alifanya kazi Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Alichukua udongo, akaukausha, akaulowesha, akapima hewa ya kaboni dioksidi iliyotoka na nitrojeni iliyoachiliwa. Mwaka 1958 alichapisha alichokiona: udongo uliokauka ukipata maji hulipuka kwa uhai. Katika siku chache za mwanzo vijidudu walionusurika na ukame hushambulia maiti za wenzao na mboji iliyolegezwa na jua, na nitrojeni hutoka kwa wingi ambao hautaonekana tena msimu mzima. Udongo ukikaushwa na kuloweshwa tena, mlipuko hurudi, lakini kila mara mboji hupungua kidogo. Wanasayansi wa dunia nzima hadi leo huuita mlipuko huo kwa jina la Birch.

Kwa mkulima wa mwambao wa Winam jambo hilo lina uzito mkubwa. Kiangazi cha Januari na Februari kikiisha, mvua za kwanza za chwiri, yaani masika, ndizo zinazoachilia chakula hicho, na anayechelewa kupanda hukuta kimekwisha zama chini na maji kupita mizizi. Ndiyo maana wengine huweka mbegu kwenye udongo mkavu wakingoja mvua. Hapa pia ndipo desturi ya golo kodhi iliposuguana na maofisa wa kilimo. Kwa desturi hiyo mkuu wa boma na mke wa kwanza, mikayi, hutangulia kutoa mbegu, kisha wengine hufuata kwa daraja zao, na kuruka zamu ni kuita balaa. Maofisa waliona kuchelewa tu. Lakini desturi hiyo ilikuwa pia kalenda, iliyowafanya watu wa dala moja waingie shambani kwa mpangilio unaojulikana. Ugumu ulianza pale mkuu wa boma alipokuwa Nairobi au Mombasa, mvua ikanyesha, na wote wakabaki wakimsubiri.

Kufikia miaka ya 1980 dalili zilikuwa mlangoni. Kayongo, ile kiduha yenye maua ya zambarau inayonyonya mizizi ya mahindi na mtama, ilienea. Mmea mmoja huangusha maelfu ya mbegu laini kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri. Wakulima walijua kwamba kayongo hupenda shamba lililochoka, na katika hilo walikuwa na kipimo cha afya ya udongo kabla hawajaletewa chochote cha maabara.

Mwaka 1988 kituo cha utafiti wa kilimo mseto kilianzishwa Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu kwa barabara ya Busia, kwa ushirikiano wa ICRAF, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo mseto, na taasisi za Kenya za misitu na kilimo. Mwaka 1992 mpango wa kimataifa wa baiolojia na rutuba ya udongo wa tropiki, TSBF, ulihamishia makao yake Nairobi, na Kenya magharibi ikawa moja ya maeneo yake makuu ya kazi. Huko ndiko mimea ya kupumzisha shamba ilikojaribiwa kwa wakulima: sesbania, tefrosia na krotalaria zilizopandwa katikati ya mahindi, zikaachwa msimu mmoja au zaidi, kisha zikalimiwa ndani. Kwa fosforasi, ambayo udongo mwekundu wa huko huing'ang'ania na kuinyima mimea, watafiti walileta mwamba wa fosfeti kutoka Minjingu, Tanzania. Pedro Sanchez, aliyeongoza ICRAF kati ya 1991 na 2001, alihubiri kwamba rutuba ni mtaji unaopaswa kurudishwa kama mtaji mwingine wowote. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kati ya yote yaliyotoka katika miaka hiyo, linalogusa zaidi ni alizeti mwitu, tithonia. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ililetwa kwa ajili ya maua yake, ikawa ua wa mashamba na kichaka cha kando ya barabara, na kwa miaka mingi haikuhesabiwa kuwa na faida kubwa. Watafiti walipoyapima majani yake makavu walikuta nitrojeni kiasi cha asilimia 3.5 na potasiamu nyingi kuliko hiyo. Yakifukiwa mabichi, vijidudu huyamaliza katika wiki chache. Shida ni kazi. Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, na ekari moja ya mahindi inadai mizigo na mizigo, ikatwe, ibebwe kichwani, ikatwe tena vipande, ifukiwe. Aliyepata faida ya wazi ni yule aliyeiweka kwenye sukuma wiki, kwenye kipande kidogo karibu na nyumba na soko la uhakika.

Mashamba ya kupumzisha nayo hayakudumu kila mahali. Evelyne Kiptot na wenzake walirudi Siaya na Vihiga na kuchapisha mwaka 2007 kwamba baadhi ya waliohesabiwa kuwa wamepokea teknolojia walipanda kwa sababu mradi ulinunua mbegu, au kwa ajili ya heshima na misaada iliyofuatana nao. Mradi ulipoondoka, waliacha. Hapa lawama isiwaangukie wakulima. Mtu mwenye ekari moja na watoto sita hawezi kulaza nusu ya shamba msimu mzima ili kuwalisha bakteria, hata kama anajua kwamba bakteria hao ndio watakaomlisha mwaka ujao.

Mwaka 2005 Pablo Tittonell, Bernard Vanlauwe, Ken Giller na wenzao walichora kwa takwimu ramani ambayo mtoto wa Nyanza angeweza kuichora kwa kijiti. Katika mashamba ya Aludeka, Emuhaya na Shinyalu, udongo wa karibu na nyumba una kaboni na virutubisho zaidi, na kadiri unavyosogea mbali ndivyo unavyofifia. Taka za jikoni, samadi ya ng'ombe wawili na muda wa mama mwenye shamba vyote huishia karibu na mlango. Tofauti na zamani ni kwamba mlango sasa hauhami. Rutuba ya shamba zima inavutwa kuelekea sehemu moja, na sehemu za mbali hazipati zamu. Baadhi ya sehemu hizo zimefika mahali ambapo hata mbolea ya dukani haijibu vizuri, maana hakuna mboji ya kuishika wala vijidudu wa kuizungusha.

Kasi ya kuchoka huko imepimwa. Juu ya milima inayoitazama Kisumu kwa kaskazini na mashariki, katika pindo za misitu ya Kakamega na Nandi, watafiti walitafuta mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni kwa nyakati tofauti, mengine miaka michache tu iliyopita, mengine zaidi ya karne moja. Joseph Kimetu na wenzake waliripoti mwaka 2008 kwamba mavuno ya mahindi yalishuka kwa asilimia 66 katika miaka 35 ya mwanzo ya kulima mfululizo. Walipoongeza majani ya tithonia, mkaa laini na mabaki mengine, mavuno yalipanda, na yalipanda zaidi kule ambako udongo ulikuwa umechoka zaidi.

Udongo uliopoteza gundi yake huteremka. Katika bonde la mto Nyando makorongo ya Katuk Odeyo, upande wa Nyakach, yamekata ardhi kiasi kwamba nyumba na njia zimelazimika kuhama. ICRAF ililifanya bonde hilo darasa la kuupima udongo kwa mwanga. Sampuli iliyokaushwa na kusagwa huwekwa chini ya mionzi, na namna inavyoirudisha hueleza kiasi cha kaboni na mfinyanzi uliomo, bila kemikali na kwa muda mfupi. Keith Shepherd na Markus Walsh walieleza njia hiyo mwaka 2002 kwa sampuli zaidi ya 1,000 za Afrika Mashariki na Kusini. Mwaka huo huo Dirk Verschuren na wenzake walichapisha walichokisoma kwenye matope ya sakafu ya ziwa: mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo kwenye bonde lake. Gugumaji lilipofika Winam karibu na mwaka 1990, lilikuta meza imeandaliwa kwa rutuba ya mashamba ya juu na taka za miji. Wavuvi wa Dunga na wakulima wa Nandi hawakutani mara nyingi, lakini udongo unawakutanisha.

Majaribio hayajakoma. Huko Mbita, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, Zeyaur Khan na wenzake waligundua kwamba desmodiamu ikipandwa kati ya mistari ya mahindi huilaghai mbegu ya kayongo kuota bila kupata wa kumnyonya, huku mizizi yake ikilea bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Koru, kwenye barabara ya Muhoroni, kuna chokaa ya kupunguza ule uchachu wa udongo unaowanyong'onyesha bakteria hao. Sauri, karibu na Yala, ilichaguliwa mwaka 2004 kuwa Kijiji cha Milenia cha kwanza, ikapewa mbolea na mbegu bora, na mavuno yakapanda zaidi ya mara mbili. Mbolea hiyo ilisaidia watu wenye njaa, na hilo halipingiki. Swali lililobaki ni kama mboji nayo ilipanda.

Swali hilo ndilo lililoingia sokoni. Januari 2014 mradi wa kaboni wa shirika la Vi Agroforestry, uliokuwa ukifanya kazi Kisumu, Siaya na Bungoma, Kombewa ikiwemo, ulipata hati za kaboni ya udongo, za kwanza kwa kilimo cha aina hiyo Afrika, za tani 24,788 za kaboni dioksidi. Wakulima wengi huenda hawajui kwamba tani hizo hazikupatikana kwa kuchimba udongo wao na kuupima. Walihojiwa kuhusu mabua waliyoacha shambani, samadi waliyoweka na miti waliyopanda, kisha majibu yakaingizwa katika modeli iitwayo RothC, iliyozaliwa Rothamsted kutokana na mashamba ya Uingereza. Modeli hiyo ina fungu la mabaki laini, fungu la mabaki magumu, fungu la vijidudu na fungu la mboji, na hukadiria kiasi kinachohama kutoka fungu moja kwenda jingine kila mwezi.

Udongo wenyewe umepimwa kwingine. Kaunti ya Siaya ina majaribio ya muda mrefu yaliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambako vipande vya shamba vimelimwa kwa namna mbalimbali mwaka baada ya mwaka: na samadi na bila samadi, mabua yakiachwa au yakiondolewa, kwa jembe la kawaida na kwa kutotifua. Rolf Sommer na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2018. Vipande vilivyopata samadi na mabua vilipoteza kaboni polepole kuliko vingine. Lakini hata hivyo vilipoteza. Baada ya zaidi ya miaka kumi ya kilimo kinachosifiwa, mboji ilikuwa chini kuliko siku ya kwanza. Samadi iliyotumika huko, tani chache kwa hekta kila msimu, tayari ni zaidi ya ile inayotoka kwa ng'ombe wawili wa familia ya kawaida ya Kombewa, na ng'ombe hao leo hufungwa kamba kando ya barabara, kwa sababu malisho ya pamoja yamekwisha kugawanywa.